Waya Chini ya Bahari na Mfereji wa Hezekia

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, na una historia nyingi kuliko mahubiri. Chukua kikombe chako cha chai uketi.

Unakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Ilikuwa sikukuu ya akina mama. Wengi mlikuwa mmepanga kuwapigia mama zenu simu ya video. Siku hiyo intaneti ikaanza kukwamakwama. Ibada zilizokuwa zikirushwa moja kwa moja ziliganda, mhubiri amefungua mdomo na neno halitoki. Aliyezoea kusoma Biblia kwa simu alikuta ukurasa unazunguka tu. Wengine walilaumu kampuni zao za simu, na wengine, nawajua ninyi, mkakemea pepo.

Sisemi kwamba adui halali. Lakini siku ile kilichokatika kilikuwa waya. Kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Msumbiji na kwingineko, sote tukayumba kwa pamoja. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa bado na jeraha lake. Mwezi Februari mwaka huohuo kebo tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu. Wataalamu wengi wanaamini zilikatwa na nanga ya meli ya Rubymar, iliyopigwa na Wahouthi, ikaachwa ikielea bila watu huku nanga yake ikiburuta chini. Meli moja iliyotelekezwa karibu na Yemeni, na mama mboga wa Gikomba anaona simu yake imekuwa nzito.

Watu wengi huamini intaneti inakaa angani. Tunaonyesha mbingu kwa kidole tukisema mtandao umepotea. Ndugu yangu, zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kati ya mabara hupita chini ya bahari, ndani ya kebo ambayo kwenye kina kirefu haizidi unene wa mpira wa kumwagilia maua. Ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, na mwanga unakimbia humo. Inapokatika, meli maalumu hutumwa, inashusha ndoano hadi sakafu ya bahari, inavuta ncha ya kebo juu, na mafundi wanaketi kuunganisha nyuzi zile moja moja. Mojawapo ya meli hizo, Léon Thévenin, huwa Cape Town. Hali ya hewa ikichafuka, inangoja, na wewe unangoja pamoja nayo bila kujua.

Waya huo una umri gani kwetu? Hapo ndipo historia inaponoga.

Mwezi Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa vibaya na Wazulu kule Isandlwana. Habari hizo zilichukua takriban siku 20 kufika London, kwa sababu hapakuwa na kebo ya kuiunganisha kusini mwa Afrika na Ulaya. Wakubwa wakashtuka. Kabla mwaka huo haujaisha kebo ya telegrafu ilikuwa imelazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji hadi Durban. Mwaka 1890 tawi lake likafika Mombasa. Kwa hiyo waya wa kwanza katika bahari yetu uliletwa na vita, ili watawala wajue haraka mahali pa kupeleka askari. Walioulaza hawakuwa wakimfikiria babu yako.

Hata neno letu simu linatokana na Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Wazee wa pwani waliita kitu kwa jina lake. Sisi leo tunasema simu haina waya, na kumbe waya upo, umefichwa tu mahali ambapo macho hayafiki.

Kisha reli ikaja. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo. Kando ya reli ulikwenda waya wa telegrafu juu ya nguzo. Wanandi waliuchukua waya ule wakatengenezea mapambo ya mikono na shingo, na Waingereza wakakasirika mno, maana kila bangili ilikuwa ni ujumbe uliokufa njiani. Vitabu vya wakoloni viliwaita wezi. Mimi naona watu waliokuwa na akili timamu kabisa. Waya ule ulikuwa unawaletea maaskari, na kwao ulifaa zaidi mkononi mwa bibi harusi kuliko juu ya nguzo.

Miaka mingi ikapita ambayo nitaipita upesi. Telegramu ya msiba, yenye maneno machache kwa sababu kila neno lililipiwa. Mani oda ya posta. Noti zilizokunjwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi la usiku, na jina la mpokeaji limeandikwa juu kwa kalamu. Kituo cha satelaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa muda mrefu mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea satelaiti, kwa gharama ambayo mwananchi wa kawaida hakuiweza. Kijana wa leo hajui maana ya kulipia dakika kumi kwenye saiba halafu dakika nane zikaishia kungoja ukurasa mmoja ufunguke.

Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Sihitaji kukueleza ilibadilisha nini, uliishi mwenyewe. Lakini huenda hili hukulijua: kwa miaka mingi, mitambo iliyohifadhi hesabu za M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Kijana akiwa Kayole akimtumia mama yake aliyeko Kisii shilingi mia tano za unga, ule ujumbe ulifunga safari ya kwenda Ulaya na kurudi kabla simu ya mama haijalia. Mitambo ililetwa nyumbani mwaka 2015. Unga wa Kisii ulikuwa ukiombewa ruhusa Ujerumani, na sisi tulikuwa tunasema tu, imeingia.

Mwezi Juni 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, na Rais Mwai Kibaki alikuwa huko kuipokea. Seacom ikafunguliwa mwezi uliofuata, na EASSy mwaka 2010. Bei zikashuka. Bila nyaya hizo usingekuwa unasoma ujumbe huu.

Hazikuchukua muda kutuonyesha udhaifu wake. Mwezi Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu yake kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali ilipokatazwa, na TEAMS ikakatika. Siku chache tu kabla ya hapo kebo nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu, na TEAMS ndiyo iliyokuwa imebebeshwa mzigo wao. Nahodha mmoja, nanga moja, na ofisi za Nairobi zikanyamaza. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya tumbili. Aliingia kituo cha umeme cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma, na stima ikapotea nchi nzima kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona.

Ila tukio ninalotaka utulie nalo ni la Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi jioni, watu wakitoka kazini. WhatsApp, Facebook na Instagram zikazimika kwa wakati mmoja, dunia nzima, kwa takriban saa sita. Hapakuwa na nanga wala tumbili. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye: wakati wa matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa njia zake kuu, na amri hiyo ikavikata vituo vyao vyote vya data kutoka kwenye mtandao. Kulikuwa na chombo cha ukaguzi kilichowekwa kuzuia amri za namna hiyo, nacho kilikuwa na hitilafu. Sasa sikia jambo lililonishangaza. Mafundi walipotaka kurekebisha, zana zao za kazi zilikuwa zimezimika pia, kwa sababu zilitegemea mtandao uleule uliokufa. Ikabidi watumwe watu wafike vituoni kwa miguu yao. Na hata kuingia kulichukua muda, kwa sababu majengo yale yalikuwa yamejengwa ili yasiingilike kirahisi.

Walijenga nyumba, na funguo zote wakaziweka ndani.

Jioni ile vikundi vingi vya maombi hapa Kenya vilikuwa na saa yao. Mmoja alikuwa akingoja kujua kama dada yake amejifungua salama. Mwingine alikuwa ameomba maombezi asubuhi, anangoja kuona nani atamjibu. Kimya. Na katika ukimya ule maswali ya ajabu yakajitokeza, maswali ambayo mtu mzima huona haya kuyauliza. Huyu ndugu ninayemwambia Amina kila siku, anakaa wapi? Namba yake ya kawaida ninayo? Jina lake kamili ni nani, au namjua kwa ile picha ya waridi tu?

Tarehe 27 Julai 2023 ikaja zamu ya serikali. Tovuti ya eCitizen, inayobeba maelfu ya huduma za umma, ilishambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Hawakuvunja mlango, waliujaza. Walituma maombi ya uongo mengi kiasi kwamba ya kweli hayakupata nafasi, mithili ya umati uliolipwa kusimama mlangoni pa duka bila kununua kitu. Viza za mtandaoni zikakwama, na serikali ikasema wageni watapewa viza wakifika. Kununua tiketi za SGR kukawa shida, tokeni za stima zikachelewa, na huduma za pesa kwa simu nazo zikaguswa.

Hapa nataka uwatazame watu wawili. Mmoja ana gari, ana noti kadhaa nyumbani, ana laini mbili na jenereta. Kwake siku ile ilikuwa usumbufu, na jioni alikuwa na cha kusimulia. Mwingine ana shilingi mia mbili thelathini, na zote ziko ndani ya simu. Tokeni imeisha, mtoto ana homa, na wakala anamwambia mama, hakuna mtandao, rudi baadaye. Yeye hana baadaye. Tunaposema huduma ilikatika kwa saa chache, tujue tunahesabu saa za nani.

Zamani mama huyu angefanya nini? Angekwenda dukani, na mwenye duka angetoa daftari chini ya kaunta, aandike maziwa, panadoli, mshumaa, bila kumwomba kitambulisho, kwa sababu anamjua yeye, anajua mumewe na anajua kwao. Daftari lile nalo lilikuwa mtandao. Liliendeshwa na kujuana, na hakuna meli iliyoweza kulikata. Maduka mengi sasa yameandika ukutani kwamba hakuna deni, na siwalaumu, tuliwatorokea sana. Lakini kumbuka kwamba liliondoka.

Sasa fungua Biblia nami, ile ya karatasi kama unayo. Miaka 700 hivi kabla ya Kristo, mfalme Senakeribu wa Ashuru alikuwa akiiteka miji ya Yuda mmoja baada ya mwingine. Yerusalemu ilikuwa na tatizo moja kubwa: chemchemi yake, Gihoni, ilikuwa nje ya ukuta. Mji unaokunywa maji ya nje hautazingirwa muda mrefu kabla haujafungua lango. Ndipo mfalme Hezekia akayaziba maji ya nje na kuchimba mfereji chini ya mwamba, kuyaingiza mjini hadi bwawa la Siloamu. Utasoma habari hizo katika 2 Wafalme 20 na 2 Nyakati 32. Mfereji huo upo hadi leo, una urefu wa takriban mita 533, na maji bado yanapita. Watalii hutembea ndani yake maji yakiwa magotini. Mwaka 1880 yaligunduliwa maandishi ya Kiebrania yaliyochongwa kwenye ukuta wake. Yanaeleza jinsi makundi mawili ya wachimbaji, kila moja likitoka upande wake, yalivyosikiana sauti ndani ya mwamba hadi sururu zikakutana. Jiwe lenyewe sasa liko Istanbul.

Waya wao ulikuwa wa maji. Ulifichwa kama wetu na ulibeba uhai wa kila siku kama wetu. Na hakuna mahali ambapo Mungu anamkemea Hezekia kwa kuuchimba. Kitabu cha Nyakati kinauhesabu miongoni mwa mafanikio yake. Wapo wahubiri wanaotumia historia hii kupiga vita teknolojia, kisha wanatuma mahubiri hayo kwa WhatsApp. Sikubaliani nao. Hata pesa kwa simu ilikuwa jibu la maombi ya wengi: nani anataka turudi kwenye bahasha ya kondakta?

Lakini soma Isaya 22, kuanzia mstari wa nane. Nabii anaueleza mji uleule katika hofu ya vita. Watu wanakagua silaha. Wanakusanya maji. Wanatengeneza hodhi kati ya kuta mbili. Na Isaya anawalaumu kwamba katika shughuli yote hiyo hawakumwinulia macho Yeye aliyepanga mambo hayo tangu zamani. Hilo tumelihubiri sana, na ni kweli. Ila katikati ya habari hiyo, mstari wa kumi, kuna jambo ambalo wahubiri tunaliruka. Isaya anasema walizihesabu nyumba za Yerusalemu, wakazibomoa baadhi ili wapate mawe ya kuimarisha ukuta.

Simama hapo kidogo. Ili mji uwe salama, nyumba za watu zilivunjwa. Biblia haituambii zilikuwa za nani. Nina hakika hazikuwa za wakuu.

Kila mara tunapojenga ukuta mpya tunapata mawe mahali fulani. Mimi nakuuliza, mpendwa, mawe ya ukuta wetu huu tuliyatoa wapi? Tuliivunja nyumba inayoitwa kutembeleana, kwa sababu meseji inatosha. Tukaivunja ile ya kukariri Neno, kwa sababu utalitafuta kwa simu. Unajua namba ngapi za simu kwa kichwa? Nimeuliza swali hili kanisani, na wengi walifika mbili, yao wenyewe na ya zamani ya baba ambayo haipatikani tena. Tukavunja nyumba ya mzee wa kanisa aliyejua kila mlango mtaani, tukampa kijana mmoja kazi ya kusimamia kikundi cha WhatsApp chenye watu mia mbili na hamsini, na hakuna hata mmoja anayeweza kukuelekeza kwa mjane aliyeacha kuandika chochote tangu mwezi wa tatu. Akinyamaza tunadhani bando limeisha. Huenda mwenyewe ndiye aliyeisha.

Na wachungaji wenzangu, nisemezane nanyi kwa heshima. Mtandao ukikatika Jumapili, tunachokumbuka kwanza ni sadaka. Namba ya malipo haifanyi kazi, mhasibu anahangaika. Sawa, kanisa lina kodi ya kulipa, najua. Lakini kuna mama katika kiti cha nyuma aliyekuwa anategemea pesa kutoka kwa mwanawe siku hiyohiyo ili apike. Je, kuna mtu kanisani mwako ambaye kazi yake ni kumjua huyo?

Kwetu yupo mama mmoja kiongozi wa ushirika wa nyumbani, simu yake ni ile ya kubonyeza. Ana daftari la shule la kurasa tisini na sita. Ndani yake ameandika washirika kwa namna yake: nyumba ya mlango wa kijani ng'ambo ya kisima, anatumia dawa za presha. Mlango wa tatu baada ya posho mili, mumewe hajaokoka, usiende jioni. Ghorofa ya manjano, wana mtoto wa miezi miwili. Jioni ile ya Oktoba 2021 wengine tulikuwa tunazima na kuwasha simu. Yeye hakujua hata kwamba kuna kitu kimezimika. Alikuwa amechukua tochi akaenda mlango wa kijani, kwa sababu ilikuwa Jumatatu na Jumatatu ndiyo zamu ya mlango wa kijani.

Wiki hii nimemwomba anisaidie kulinakili daftari lile, nakala moja ikae ofisini na moja kwa kila kiongozi wa mtaa. Amekubali kwa sharti moja: tusiliandike kwenye kompyuta. Nilijaribu kumbishia kidogo, kisha nikanunua madaftari sita.

Ushirika wa nyumbani ni Jumatano saa kumi na moja jioni, kwa mshirika aliyefiwa juzi. Mahali sitapaandika hapa. Muulize jirani yako wa kanisani, na kama humjui jirani yako wa kanisani, njoo ofisini nikuonyeshe daftari.